Gari Lililokataa Kula

Mama mkwe wangu anaishi nasi mtaani Kikula tangu alipofiwa na mumewe, na kwa miaka mingi hakuwahi kunisemesha ana kwa ana, wala mimi sikuwahi kumsemesha. Msidhani tuligombana. Ni heshima. Watu wa upande wa mke wangu walitoka Kasai zamani kufuata kazi ya migodi, wakaacha mengi njiani, lakini hili hawakuliacha: mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, hawapeani mikono, hawali meza moja. Akija barazani, mimi naingia ndani. Nikikatiza uani, yeye anageukia ukuta mpaka nipite. Kwetu sisi, watu wa ziwa la Tshangalele, haya za namna hiyo huondolewa kwa mbuzi mmoja baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa. Nilileta mbuzi. Akamwambia mke wangu amshukuru sana mkwe wake, mbuzi tukamla Noeli, na haya zikabaki pale pale.

Kwa hiyo tunapitisha maneno. Mke wangu akiwepo, yeye ndiye njia. Asipokuwepo, tunamsemea kuku. Tunaye kuku mmoja mzee, hana manyoya shingoni, ambaye angekuwa amechinjwa zamani kama asingekuwa na kazi hiyo. Mama mkwe husimama mlango wa jikoni akinipa mgongo na kusema, "Weye kuku, bukari iko ku meza, itapola." Nami najibu, "Aksanti, kuku, nakuya." Kuku anaendelea kudonoa, na mimi nakwenda kula ugali wangu ungali moto. Wageni hucheka. Sisi tumezoea.

Mimi ni fundi wa mota na batri, na karakana yangu iko karibu na soko. Ndiyo maana niliponunua gari dogo la umeme, lililokwisha tumika Japani na kukosa mnunuzi Lubumbashi, sikuogopa. Mtaa mzima ulinicheka. Walisema katika mji ambao umeme huenda na kurudi unavyotaka, ni mwendawazimu tu anayenunua gari linalokula umeme. Niliwajibu kwamba petroli nayo huenda na kurudi inavyotaka, tena ikirudi imepanda bei.

Mama mkwe alilipenda gari kwa sababu halikupiga kelele. Kila Jumapili tulikwenda ibadani, mke wangu kando yangu, yeye kiti cha nyuma, akiwa ametandika kitenge chake kwanza. Upande wangu hakuugusa kamwe. Kwake, kiti cha mkwe ni sawa na kitanda cha mkwe.

Yeye ni mwuza samaki. Wanawake wa Tshangalele humletea mzigo, anauweka kwenye friza yetu ya stoo, na kila asubuhi anabeba beseni kwenda soko la Kikula. Hiyo friza ndiyo kazi yake, na ndiyo heshima yake, maana hapendi kula cha bure hata kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Basi transfoma ya mtaa ikaungua. Hilo si jambo geni. Jambo geni ni kwamba iliungua wiki ile ile mke wangu na mtoto wetu walipokuwa Lubumbashi kwa dada yake aliyekuwa akijifungua, na mimi nilikuwa nimeitwa Kapolowe kusuka upya mota ya kinu cha mahindi. Friza ilikuwa imejaa. Kama ingezimika, mama mkwe angemwaga samaki wote shimoni.

Nilifanya nililoliona jema. Niliacha gari nyumbani, limewashwa, nikafunga kwenye batri yake ndogo kile kifaa kinachogeuza umeme wa batri kuwa wa nyumbani, nikapitisha waya hadi stoo. Friza ikanguruma. Nikampigia mke wangu nikamwambia, "Mwambie mama: mbele ya usukani kuna namba. Ikishuka mpaka ishirini, abonyeze kile kitufe cha mviringo, gari lizime." Mke wangu akampigia mama yake. Mama yake akasema ndiyo. Nikapanda lori la mwenye kinu nikaenda zangu, nikijua nitarudi kesho kutwa.

Watu wazima wawili, mimi na mke wangu, na hakuna aliyefikiri kitufe kile kiko upande gani.

Kapolowe waya wa shaba ulipungua, tukasubiri mwingine, na ile kesho kutwa ikawa karibu wiki mbili. Kila nilipompigia mke wangu alisema, "Mama anasema kila kitu ni sawa." Nikaamini. Ningekuwa na akili ningejua kwamba mtu anayesema kila kitu ni sawa hajaulizwa swali lolote la maana.

Nilirudi Jumamosi. Transfoma ilikuwa imetengenezwa, redio za majirani zinaimba. Gari lilikuwa uani pale pale, na waya wa kulichajia umechomekwa puani kwake, upande wa pili umechomekwa ukutani. Hakuna taa iliyowaka. Nilibonyeza kitufe: kimya. Niliinua boneti, sisi huku tunaiita kapo, nikapima batri ndogo. Ilikuwa tupu kabisa.

Gari la umeme lina batri mbili. Ile kubwa iko chini ya sakafu na ndiyo inayolisukuma. Ile ndogo iko mbele, kama ya gari lolote, na kazi yake ni kuamsha vifaa na kuifungulia kubwa mlango. Gari likiwa limewashwa, kubwa huijaza ndogo, kwa hiyo friza ilikuwa imekula kubwa mpaka gari likajifunga lenyewe, kisha ikamalizia na ndogo. Sasa hata ukiwa na umeme wa bwawa zima ukutani, kubwa haichaji, maana wa kuifungulia mlango amelala. Na batri kubwa ikikaa tupu siku nyingi huharibika, na sikujua hii imekaa tupu siku ngapi. Nililipiga teke gurudumu, nikaumia kidole cha mguu. Nikaitukana transfoma, nikamtukana mwenye kinu, nikalitukana gurudumu. Kuku sikumwambia neno.

Alasiri mama mkwe akasimama mlango wa jikoni, mgongo kwangu.

"Weye kuku, ambia mukwe wangu: lundi mutoto yangu wa Kolwezi anakuya kunichukua. Muntu mwenye kuua motoka ya mukwe hawezi kuikala mu nyumba yake."

Lundi ni Jumatatu, yaani kesho kutwa. Ndipo nikaona barazani sanduku lake la magurudumu, limefungwa, na kando yake beseni la samaki, limeoshwa na kufudikizwa.

Niliumia, na sioni haya kulisema. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo. Huyu mwanamke nisiyemtazama usoni ndiye aliyenifunikia chakula kila siku niliyochelewa karakanani. Nilipougua malaria aliweka uji nje ya mlango wa chumba, akabisha, akaondoka kabla sijafungua. Sikutaka aende. Na mke wangu angerudi akute mama yake amehama kwa sababu ya gari, gari langu mimi.

"Kuku," nikasema, "ambia mama, motoka haikufa. Imelala."

Jibu likatoka jikoni bila kuchelewa: "Kuku, hata mufu banasemaka amelala."

Ikabaki kuliamsha tu. Jioni ile ile nikachukua karakanani batri moja ya sola. Mganga hajigangi: batri zote pale ni za wateja na zote ni mbovu, hiyo ndiyo ilikuwa na nafuu. Koleo za waya wangu wa kuamshia batri zilikuwa zimeyeyuka meno siku nyingi, kwa hiyo ilinibidi nizikandamize kwa mikono, mkono wa kulia nguzo hii ya batri, wa kushoto nguzo ile. Nilisikia kitu kinagonga mara moja chini ya gari, kisha kimya. Tena. Kisha kimya. Taa tatu za kuchaji ziko juu ya dashibodi, nyuma ya kioo, na kapo ikiwa juu sizioni. Nikiachia waya nikimbie kuangalia, gari linalala tena. Isitoshe saa ile mtaa mzima ulikuwa unapika kwa majiko ya umeme, na umeme wa Kikula jioni hauwezi hata kuchemsha chai. Niliacha, nikakunja waya.

Jumapili asubuhi majiko huzimwa, watu wote wako ibadani. Hiyo ndiyo saa umeme wetu una nguvu. Sikwenda kusali. Nilipanga waya zangu, nikainua kapo, kisha nikamtafuta kuku. Hakuonekana. Alikuwa ameatamia mayai mahali anapopajua yeye.

Mama mkwe alikuwa amekwisha vaa nguo ya ibada, nilisikia viatu vyake vikifika barazani. Nikainama ndani ya gari, nikasema na batri:

"Kama kuko muntu anaweza kuikala ku kiti ya nyuma, ataona tutaa tutatu kule mbele ku kioo. Minye siwezi kuona, kapo inanifunga."

Nikaanza kukandamiza waya peke yangu. Kisha viatu vikashuka ngazi, vikaenda, vikasimama. Nilisikia kitenge kinakung'utwa na kutandikwa, mlango wa nyuma ukafungwa taratibu, na gari likainama kidogo.

"Kuko taa moja," sauti ikasema. "Inawaka na kuzima."

Haikusema "mukwe". Haikusema "kuku". Ilisema tu, nami nikasikia kama ambavyo ningesikia kutoka chumba cha pili.

"Sasa?"

"Mbili. Hapana. Ilizimika yote."

"Ngoja." Nilikwaruza nguzo kwa kisu, nikakandamiza tena. "Sasa?"

"Moja."

Kwa nusu saa nzima hatukusema zaidi ya hayo. Kazi ile haina haraka. Lazima ukandamize mpaka batri ndogo ipate uhai kidogo wake yenyewe, na wakati huo huwezi kujikuna pua. Nilikuwa nimefungwa pale mbele, yeye amefungwa kule nyuma, na kapo imesimama katikati yetu. Hanioni, simwoni. Nadhani tulilitambua wakati mmoja, na yeye ndiye aliyeanza.

"Ile namba niliiona," akasema. "Ilishuka, ilishuka. Trente. Vingt, ile ishirini yako. Ku kiti ya mutoto yangu nilijaribu, haikufika. Nilifungua mulango ya nyuma, nikanyoosha mukono. Haikufika. Kiti yako ilikuwa mbele yangu. Nipite juu ya kiti ya mukwe? Minye?"

"Ungepiga téléphone."

"Nilipigia mutoto yangu, téléphone yake ilifungwa. Weye siwezi kukupigia, sauti ya mukwe mu sikio yangu, inakuwa namna gani? Nilisemea kuku. Kuku naye haina téléphone."

"Jirani je?"

"Jirani akuye aone vile naua motoka ya mukwe?"

Nilikuwa nauma midomo nisicheke, maana ningeachia waya.

"Courant ilirudi," akaendelea, "niliipatia chakula vile unafanyaka weye. Ilikataa kula. Njo nikajua. Kintu yenye kukataa kula, ilishakufa. Na samaki nayo ilioza, nikazika yote. Nilipoteza motoka na samaki, yote mbili."

"Haikukataa, mama," nikasema. "Kinywa yake ilifungwa. Kabatri kadogo njo kanafunguaka kinywa ya kakubwa."

Neno "mama" lilinitoka lenyewe. Hakulikataa. Nilisikia akivuta pumzi.

"Ulikasirika?"

"Nilikasirika sana."

"Na minye?"

"Na transformateur. Na mwenye kinu wa Kapolowe. Na hii gurudumu, iliniumiza muguu."

Alicheka. Nilikuwa nimesikia kicheko chake mara nyingi kikitoka jikoni, akiwa na mke wangu, lakini hiki kilikuwa changu.

Kisha akauliza swali ambalo nadhani alikaa nalo wiki mbili zile. "Ju ya nini haukuenda Kapolowe na motoka yako? Ulienda mu lori, mu vumbi."

"Ju ya samaki yako."

"Nilifikiri ni ju ya nyama yako mu frigo."

"Minye sina nyama mu frigo, mama. Kuko samaki yako tu."

Nikatega sikio, nikiogopa mlango utafunguliwa ashuke. Mikono ilikuwa imekufa ganzi mpaka kwenye viwiko. Halafu chini ya gari pakagonga, pakagonga mara ya pili kwa uzito, kama mtu anafunga komeo la lango, na feni ikaanza kuvuma.

"Mbili," akasema. "Tatu! Tutaa yote tatu! Moja inacheza-cheza."

"Angalia muzuri. Inaendelea?"

"Inaendelea. Inakula." Sauti yake ilikuwa imepanda. "Mungu wangu, inakula!"

Niliachia waya mmoja. Feni ikaendelea. Niliachia wa pili. Ikaendelea. Nikakaa chini kwenye vumbi, nguo ya Jumapili au siyo, nikafurahi kama mtu aliyerudishiwa mali na mwizi. Kapo sikuishusha. Nilingoja mpaka mlango wa nyuma ufunguliwe, kitenge kikusanywe, na viatu vifike jikoni. Ndipo nikaifunga.

Gari lilikula mchana kutwa. Halikurudi kuwa lile la zamani; mpaka leo mwendo wake umepungua, na safari ya Lubumbashi siithubutu tena nalo. Lakini mjini linakwenda. Jioni nikalizungusha uani mara mbili, makusudi, mbele ya mlango wa jikoni. Kuku alikuwa amerudi kazini.

"Weye kuku," mama mkwe akasema, "motoka ni muzima, Mungu asifiwe. Lakini muntu mwenye kuangusha mutoto ya muntu, habamupatie tena kubeba. Kesho nakwenda."

Sanduku lilibaki barazani. Nilikasirika upya. Nimeliamsha gari, na bado anaondoka! Kumbe gari lilikuwa na kosa moja, na yeye alikuwa na kosa jingine moyoni, ambalo waya zangu hazikulifikia. Alihitaji kuambiwa abaki, na aambiwe na mimi, siyo na mke wangu kwa simu. Na kuku anabeba bukari, anabeba saa ya ibada, lakini lipo neno ambalo ukimpa kuku alibebe unamtukana anayeletewa.

Jumatatu shemeji yangu wa Kolwezi alifika mapema na gari lake. Akanywa chai barazani, sanduku la mama yake miguuni. Mama yake alikuwa ndani akijifunga kilemba.

Nilikwenda uani nikainua kapo ya gari lililokwisha pona.

"Bado ni mubovu?" shemeji akauliza.

"Bado kidogo," nikasema. Nikachukua koleo zangu zisizo na meno, nikazishika juu ya batri isiyo na tatizo lolote, nikainama. Nilijiona mjinga. Nilikaa hivyo mpaka mgongo ukaniuma na shemeji akaanza kuangalia saa.

Viatu vikatoka jikoni. Vikasimama. Kitenge kikakung'utwa. Mlango wa nyuma ukafungwa, na gari likainama kidogo.

"Taa iko ngapi?" nikauliza.

"Hakuna taa," akasema. "Waya haiko ku ukuta."

"Mama, ubakie."

Nikazikandamiza zile koleo, kana kwamba kuna kazi.

"Motoka si kintu. Hata ikufe kesho. Minye sina mama mwingine. Njo nakuomba, minye mwenyewe: ubakie."

Nilisikia jogoo wa jirani. Nilimsikia shemeji akiweka kikombe chini. Kisha nikamsikia mama mkwe akipenga kamasi ndani ya kitambaa, polepole, kama mtu asiyetaka asikike.

"Ile kapo," akasema, "mukono haikuchoki?"

"Inachoka."

"Basi ngoja minye nitoke kwanza, njo uifunge."

Mlango ukafunguliwa. Viatu vikapanda ngazi za baraza. Nilibaki nimeinama, macho kwenye batri, masikio yote kule. Magurudumu ya sanduku yakaanza kugonga sakafu ya saruji, ka-ka-ka, nami nikahesabu yanakwenda upande gani. Yaligonga kizingiti cha jikoni. Yakaingia ndani.

Shemeji alirudi Kolwezi peke yake, amekasirika kidogo kwa ajili ya safari ya bure, na mama yake akamfungia karanga na unga wa mihogo vya njiani. Beseni likageuzwa wima tena. Mke wangu aliporudi alikuta samaki wapya kwenye friza na kila kitu kama alivyokiacha, akauliza mambo yalikwendaje. Mama yake akamwambia kila kitu ni sawa. Nami nikasema vivyo hivyo.

Haya zipo pale pale. Akija barazani naingia ndani, na kuku bado ana kazi yake. Ila kila Jumapili, tukirudi ibadani, mke wangu hushuka kwenda jikoni, mimi huinua kapo, na mama mkwe hukawia kidogo kwenye kiti cha nyuma. Majirani wameliona hilo. Wanasema waliniambia tangu mwanzo kwamba gari la umeme halifai, tazama, kila Jumapili kapo iko juu. Nawaambia wamesema kweli, lina ugonjwa usiopona.